Majina Aliyoyapeleka Katibu Ngowa

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Malindi, nyuma ya soko la zamani, na kwa miaka kumi na mmoja nilimchapia Ngowa Pola barua zake zote. Kazi yake sikuipenda hata siku moja. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, hata hajaingia ndani. Alikuwa katibu wa umoja wa wenye kumbi za watu wazima, zile kumbi ambazo wanawake hucheza jukwaani na nguo zao zikipungua kadiri muziki unavyokwenda. Kazi ya Ngowa ilikuwa kwenda kwa wakubwa kuzisemea.

"Bi Safaa," aliniambia, "wewe chapa tu. Dhambi ni zangu."

"Dhambi zako zisinijazie duka. Keti, nipe karatasi."

Basi nikamchapia, na naona ni mimi wa kuieleza habari yake, maana wanaoieleza mjini wanaieleza vibaya. Wanasema alikuwa tapeli. Tapeli wa wapi, mtu aliyeondoka na kalamu yangu kwa kusahau akairudisha asubuhi yake kabla sijafungua mlango, akaningoja barazani? Nikisikia neno hilo hunipanda hasira, na hasira hiyo nusu yake ni juu ya nafsi yangu. Nitafika huko.

Alizaliwa upande wa Ganze, kwa wazee wakulima, akasoma hadi kidato cha nne, akapata ukarani kwenye baraza la mji la zamani. Alikaa chumba cha mafaili miaka kumi na tisa. Mabaraza yalipovunjwa na serikali za kaunti kuingia, yeye akabaki nje na miaka yake arubaini na mitano na suruali tatu za kazi. Ndipo Ndirangu alipomwona. Ndirangu ni mtu wa bara, mwenye ukumbi mkubwa kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa umoja. Hakumtaka Ngowa kwa ufasaha wake. Alimtaka kwa kuwa Ngowa alijua karatasi gani huenda meza gani, na ikikwama humkwamia nani.

Watu hudhani kazi ile ni ya bahasha na kunong'onezana hotelini. Ngowa hakuwa na bahasha. Alidamka, akafika ofisini Kilifi kabla ya wafagiaji kumaliza, akakaa kwenye benchi. Alimjua bawabu kwa jina na mtoto wa bawabu kwa darasa lake. Mchana akirudi patupu hakusema amefukuzwa, alisema, "Leo hawakuwa na nafasi." Na kazi yenyewe hasa, aliniambia, hufanyika matangani. Akifiwa mkubwa yeyote, hata kama ni shangazi wa mbali, Ngowa alikuwa wa kwanza kubeba viti. Angekaa kutwa kwenye turubai, akalia na wenye kulia, kisha wakati wa kunawa mikono angejipenyeza karibu na yule mkubwa na kumwambia sentensi mbili.

"Kwa nini mbili?" nilimuuliza.

"Ukisema ya tatu anajua hukuja kuzika."

Nilicheka sana siku ile. Lakini hebu fikiria mtu kuishi hivyo, miaka kumi na mmoja, chakula chake kikubwa ni cha misiba ya watu. Nyumbani mkewe aliwaambia wenzake wa kanisani kuwa mume wake yuko kwenye utalii. Hakuna aliyemwalika popote kwa cheo chake. Wakubwa waliokuja kwenye zile kumbi kwa kujificha ndio waliompita barazani kama hawamjui, naye aliwaamkia tu.

Nilimuuliza siku moja anapata nini humo, zaidi ya mshahara. Akanieleza juu ya msako. Mwaka wake wa pili kazini kulifanywa msako kumbi zote, na wale wasichana wakatolewa nje na kupakiwa kwenye lori vile vile walivyokuwa jukwaani, bila hata leso ya kujitupia, na watu wamejipanga na simu zao wanapiga picha. Ngowa alikuwepo. Alivua shati lake akampa mmoja, na hakuwa na la pili. "Wale wenye kumbi hawakushikwa hata mmoja, Bi Safaa. Wateja walipita mlango wa nyuma." Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu kwenye sheria, kifungu kimoja cha mistari minne: kwamba mwanamke anayecheza kwenye ukumbi wenye leseni ni mfanyakazi, apewe kibali chenye jina lake, na asikamatwe kwa kuwa kazini. Kifungu hicho nimekichapa mara nyingi hata nakijua kwa moyo.

Na yeye mwenyewe alianza kukifuata kabla hakijapitishwa. Hakuna aliyepanda jukwaani Malindi bila Ngowa kuona kitambulisho chake na kubaki na nakala. Mwenye ukumbi mmoja alipomleta binti wa miaka kumi na sita, Ngowa alikwenda polisi kumshtaki, mwanachama wake mwenyewe, na nusura Ndirangu amfute kazi. Nakala za vitambulisho nilizitoa mimi. Ndivyo nilivyowajua wale wasichana, mmoja mmoja, wakisimama hapa kwenye kaunta yangu na mitandio yao kama watoto wa watu wengine wote.

Mmoja wao alikuwa Sidi. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, mwenye haya kuliko hata binti zetu wa mjini. Alikuwa mwenyeji wa Marafa. Kule alikuwa na mama yake, Kadzo, mjane, mkubwa wa akina mama wa kanisa lao, na alikuwa na mtoto wake wa kike wa miaka sita, jina lake Easter, aliyekuwa akilelewa na bibi yake huyo. Mama alijua Sidi ni dobi kwenye hoteli. Kila Jumatatu kumbi zikipumzika Sidi alikwenda Marafa kumwona mwanawe, na Jumanne akirudi alipitia kwangu, "Shikamoo Bi Safaa," anitolee picha za mtoto kwenye simu nimchapie. Picha nyingine hazikuwa na kitu, ni mguu wa mtoto na kiatu kipya. Nilizichapa zote.

Haya. Kwenye hicho kifungu chake, Ngowa alikuwa amepeleka maoni mara mbili kwa kamati za sheria, na mara mbili yalitupwa kwa sababu ile ile. Aliandika "kwa niaba ya wafanyakazi wanawake sitini na wanne," wakamuuliza ni kina nani, hakuweza kusema. Mzee mmoja wa kamati alimwita katibu wa majini, maana watu wake hawaonekani, na jina likamganda. Hata bawabu alimtania nalo: "Majini yako hayajambo?" Yeye alicheka na wenzake, lakini kwangu alikuja akaketi hadi chai yake ikapoa.

Kisha ukaja mswada mpya, na huu haukuwa wa kupunguza saa wala kupandisha ada. Ulikuwa wa kuzifunga kumbi zote. Kamati ingezunguka kata kwa kata kupokea maoni ya wananchi, na maoni yasiyo na majina, nambari za vitambulisho na mahali mtu anakotoka yasingehesabiwa. Ngowa akaamua kupeleka majina.

Alikwenda kwa kila msichana mwenyewe. Nilikuwepo siku aliyomweleza Sidi, hapa hapa dukani. Sidi alishika kalamu akauliza swali moja tu.

"Mama ataona?"

"Hataona, mwanangu. Itakwenda kwa siri."

"Akiona, Easter simpati tena, Katibu. Mama yangu namjua."

"Nimekwambia hataona."

Akatia sahihi. Mimi nikaichapa orodha ile, kurasa tatu, jina, nambari, kijiji, kazi. Kwenye safu ya kazi niliandika "mcheza dansi wa jukwaani" mara sitini na nne. Ngowa aliitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika juu SIRI kwa wino mwekundu, herufi kubwa, akapiga mstari chini. Zama za baraza la mji, faili likiandikwa hivyo lilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mkubwa, na funguo alikuwa nazo mtu mmoja. Nilimuuliza, "Una hakika mambo bado yanakwenda hivyo?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Bi Safaa, miaka kumi na tisa nimekaa na mafaili." Nami ninayechapa matangazo ya kamati kila wiki, ninayeona chini ya kila tangazo yameandikwa maneno kwamba maoni yote yatakayopokelewa ni ya wazi kwa umma, nilinyamaza. Nilidhani anajua. Hilo ndilo ninalojilaumu hadi leo, wala simwombi mtu aniliwaze.

Kikao cha Marafa kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kijamii. Ngowa aliniomba niende naye nimshikie mkoba wa nakala, maana Ndirangu hakutaka kuonekana. Ukumbi ulijaa. Akina mama wa kanisa walikaa mbele na vitambaa vyao vya bluu kichwani, na aliyekuwa wa kuwasemea ni Kadzo. Nilimjua kwa picha za mtoto. Watu wote walimwita Mama Sidi, kama ilivyo desturi: Mama Sidi sogea huku, Mama Sidi shika kiti. Nilimgusa Ngowa nikamwonyesha. Alitikisa kichwa tu, kana kwamba haimhusu, kwa kuwa aliamini bahasha yake iko kabatini Kilifi.

Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mgeni wa pande zile, alifungua kikao kwa dua. Kisha akasema karani atasoma maoni yaliyokwishapokelewa, ili wananchi wa hapa wajue wenzao wamesema nini. Ndio utaratibu. Karani alisoma ya wafanyabiashara, akasoma ya viongozi wa dini, kisha akatoa kurasa zangu tatu. Niliijua karatasi yangu kabla hajafungua kinywa.

Ngowa alisimama. "Mheshimiwa, hiyo ni ya siri."

"Hakuna maoni ya siri, Katibu. Keti." Wala hakumsemea vibaya.

Karani akaanza na wa hapo hapo Marafa, kwa kuwa ndio waliowahusu waliokaa. Walikuwa watano. Jina la kwanza lilikuwa Sidi. Sidi Dzombo, wa Marafa, mcheza dansi wa jukwaani.

Wale akina mama wa vitambaa vya bluu hawakugeuka kumtazama Kadzo, na mtu akijizuia kugeuka huonekana shingoni. Kadzo akainuka polepole, akajifunga leso yake vizuri.

"Karani," akasema, "soma tena jina hilo."

Karani akasoma tena.

"Mtu huyo hapa hayupo. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Hakuna mtu wa jina hilo."

Aliyekaa kando yake, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa amemwita Mama Sidi mbele ya masikio yangu, akasema, "Kweli, hayupo." Na nyuma yao mwingine, na mwingine. Karani akasoma jina la pili, mzee mmoja akasimama akasema hamjui. La tatu, hawamjui. Marafa nzima ilikana watoto wake watano kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mwenyekiti akakasirika, na kwa upande wake alikuwa na haki. Akamgeukia Ngowa. Akamwambia kama majina haya ni ya kubuni, basi amedanganya kamati na ni kosa la kupelekwa polisi, na maoni yake yote yanatupwa. Na kama ni ya kweli, athibitishe. "Hawa watu wapo, au hawapo?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Ndani mlikuwa na nakala za vitambulisho sitini na vinne, picha na sahihi, nilizozitoa kwa mkono wangu. Ngowa alihitaji kunyoosha mkono tu. Kile kifungu chake, kazi yake, jina lake, vyote vilikuwa mle. Alinitazama, nami nikaufungua zipu, maana nilidhani ndicho anachotaka. Akaweka kiganja chake juu ya mkoba.

"Hawapo, mheshimiwa," akasema. "Nimewabuni mimi."

Watu wakacheka. Kuna mtu alipiga kelele, "Majini!", hata huko habari zilikuwa zimefika. Kadzo hakucheka. Alisoma hotuba yake yote ya kutaka kumbi zifungwe, neno kwa neno, sauti haikumtetemeka, kisha akaketi.

Yaliyofuata ni mafupi. Orodha yote ilifutwa, na kifungu nacho. Mswada ukapita, kumbi zikafungwa mwezi wa tatu. Ndirangu akageuza wake kuwa bohari ya sementi na hakumpigia Ngowa simu hata ya kwaheri. Polisi walimwandikisha maelezo, wakamzungusha miezi mitano, wakachoka naye. Ofisini Kilifi bawabu aliambiwa asimruhusu. Wasichana walitawanyika, wengine Mtwapa, wengine sijui, wanacheza vyumba vya nyuma ambako hakuna anayeuliza kitambulisho. Huko kukiwa na msako, nani atavua shati?

Lakini Ngowa alikuwa na faraja moja, na aliishikilia. Alisema angalau Sidi ameokoka: kama katibu mwenyewe amekiri kuwa majina ni ya uongo, basi mama ana njia ya kujiambia kwamba ni uongo. Sidi mwenyewe aliogopa. Alikaa wiki sita bila kwenda Marafa. Mwisho Ngowa akamwambia, "Twende pamoja. Nitamsemea." Alipanga maneno yake hapa dukani siku mbili, kama ya kamati. Mimi nilifunga duka nikaenda nao. Sikuweza kukaa.

Tulimkuta Kadzo anapepeta mahindi uani. Alitupokea vizuri mno. Alitoa viti, akatuletea maji kwenye bilauri, akatukaribisha kwa heshima zote. Kisha akamtazama Sidi usoni.

"Karibuni wageni. Mmetoka wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Mmetoka Malindi? Safari ilikuwaje?"

Ngowa akaanza kusema. Alisema vizuri, wallahi, sijapata kumsikia akisema vile. Alisema zaidi ya sentensi mbili. Alisema kosa ni lake, bahasha ni yake, Sidi ni mtoto mwema. Kadzo alimsikiliza hadi mwisho, mikono kwenye ungo.

"Baba," akamwambia, "mimi nilisimama mbele ya watu nikasema mtu huyo hayupo. Nawe ukasimama ukasema hayupo. Sasa unataka nani aonekane mwongo?"

Ngowa angelisema kweli siku ile ya kikao, mama yule angelilia, angelimtukana binti yake, angelimfukuza mwaka mzima, kisha siku moja angelimsamehe kama wazazi wanavyosamehe. Lakini mtu asiyekuwako anasamehewaje? Niliyafikiri hayo nimekaa pale na bilauri ya maji mkononi, na nilimwona Ngowa naye anayafikiri.

Mtoto akatoka ndani. Alikuwa amekua kuliko kwenye picha nilizomchapia. Akasimama akimtazama Sidi, anataka kukimbia kwenda kwake, na bibi yake akamshika bega taratibu.

"Easter, waamkie wageni."

"Shikamoo," akasema mtoto, kwa sisi sote.

Wakati huo huo mwanamke mmoja alikuwa akipita njiani na mzigo wa kuni, mmoja wa wale wa vitambaa vya bluu. Alitazama uani, akatuona, akapaza sauti:

"Mama Easter, hujambo?"

Sidi aligeuka. Alikwishafungua mdomo kuitikia, kwa kuwa hilo ndilo jina lake tangu alipojifungua.

"Sijambo," akasema Kadzo, akaendelea kupepeta mahindi.